Barua ya wazi kwa Idara ya Hisabati: somo mmelibadili, mtihani mmeuacha palepale

Kwa Mkuu wa Idara ya Hisabati,
na wajumbe wa Kamati ya Mitaala.

YAH: UJIFUNZAJI UNAOANZIA KWENYE TATIZO NA NAMNA TUNAVYOPIMWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya hisabati, kundi la kwanza kusomeshwa kwa mfumo ambao mihadhara imepunguzwa na badala yake kila wiki mbili tunakabidhiwa tatizo moja, tunagawanywa katika makundi ya watu sita, na tunatakiwa tutafute wenyewe hisabati itakayolitatua. Tumesoma hivyo kwa mihula mitatu, katika kalkulasi, aljebra na takwimu, na mitihani yake tumeifanya. Tuna la kusema, na tumeamua kulisema hadharani kwa sababu fomu za tathmini tunazojaza kila mwisho wa muhula zina visanduku vitano vya kutia alama ya vema, kuanzia "nimeridhika sana" hadi "sijaridhika kabisa", na maoni yetu hayaenei humo.

Tuanze kwa kuondoa uvumi. Barua hii si ombi la kurudishiwa mihadhara. Imesemwa kwenye korido, na hata katika vikao ambavyo hatukualikwa, kwamba wanafunzi wa mwaka wa pili wamechoka kufikiri na wanataka kurudi kunakili ubao. Wapo kati yetu wanaotaka hivyo, na hatutawaficha. Lakini tulipokaa pamoja jioni mbili mfululizo kuandaa barua hii, hata wao walikubaliana na wenzao juu ya jambo moja, nalo ndilo tunalolileta kwenu: mmebadili namna ya kufundisha, lakini namna ya kupima mmeiacha ilivyokuwa. Kozi inatutaka tufikiri, mtihani unatutaka tukumbuke. Na mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu, akishajua kwamba alama 70 kati ya 100 ziko kwenye mtihani, hahitaji kuambiwa nguvu zake aziweke wapi.

Tungependa mwone kwanza kilicho kizuri katika mfumo huu, maana tusipokieleza mtadhani tumekuja na lawama tupu. Tatizo la tatu la kozi ya kalkulasi lilikuwa la dawa. Mgonjwa anameza miligramu 400 kila baada ya saa 8, na katika saa hizo mwili wake unaondoa robo tatu ya dawa iliyomo, inabaki robo. Daktari anataka kujua kama dawa itaendelea kujilimbikiza hadi ifike kiwango cha sumu, na kama haitafika huko, itatulia wapi. Karatasi nzima ilikuwa na mistari sita, haina fomula hata moja, wala haikututajia kwamba somo la wiki hizo ni mifululizo isiyo na mwisho, yaani namba zinazojumlishwa moja baada ya nyingine bila kukoma.

Katika kundi mojawapo, ambalo mwandishi wa barua hii alikuwamo, dakika ishirini za kwanza zilikwenda kwa mabishano. Mmoja alishikilia kwamba dawa itaongezeka daima, kwa kuwa kila mara tunaongeza na kamwe hatuondoi yote. Mwingine alisema haiwezekani, kwa sababu kadiri dawa inavyozidi mwilini ndivyo kinachoondolewa nacho kinavyozidi. Hakuna aliyekuwa na uthibitisho. Kila mmoja alikuwa na sauti tu. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida huwa msikilizaji, akavuta karatasi akaanza kukokotoa: baada ya dozi ya kwanza 400, ya pili 500, ya tatu 525, ya nne 531.25, ya tano 532.8125. Tukanyamaza. Namba zilikuwa zinapanda kila mara, lakini kwa hatua zinazozidi kuwa fupi, kama mtu anayeuendea ukuta gizani. Aliyesema dawa itaongezeka daima alikuwa sahihi, na aliyesema kuna mahali haitapavuka naye alikuwa sahihi. Hatukuwahi kufikiri kwamba kauli hizo mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Baadaye kidogo tukaona kwamba, ikiwa kipo kiwango ambacho dawa inakielekea, basi robo ya kiwango hicho ukiijumlisha na 400 lazima ikurudishe palepale. Kwa hiyo robo tatu yake ni 400, na chenyewe ni 533 na theluthi moja.

Fomula ya jumla ya mfululizo wa kijiometri tulikuwa tumeikariri tangu sekondari. Tungeulizwa siku hiyo, wote sita tungeiandika bila kufumba jicho. Lakini neno "kikomo", yaani kiwango ambacho namba zinakielekea, lilikuwa kwetu alama ya kuandika chini ya herufi, na jioni ile ndiyo mara ya kwanza lilipopata maana. Hakuna mhadhara uliowahi kutufanyia hivyo, na tunasema haya kwa heshima zote kwa wahadhiri wetu, ambao baadhi yao ni mafundi wa kueleza.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa jioni ileile. Kwa furaha ya ushindi, kundi likaenda hatua moja mbele na kuandika katika ripoti yake kwamba mfululizo wowote ambao namba zake zinapungua kuelekea sifuri, jumla yake hutulia mahali. Tulijaribu kwa uangalifu, au ndivyo tulivyodhani: tukachukua 1, tukajumlisha nusu, theluthi, robo, na kuendelea hivyo kwa jedwali la kompyuta hadi namba ya 1,000, na jumla haikufika hata 7.5. Mkufunzi alipopita mezani alisoma mstari ule, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tuendelee, tunafanya vizuri. Ripoti ikawasilishwa. Ikarudi baada ya wiki tano ikiwa na alama 8 kati ya 10 na maneno "kazi nzuri".

Mstari ule ni wa uongo, Waheshimiwa, nanyi mnajua hivyo kuliko sisi. Jumla ile haina pa kutulia. Inavuka 10 inapofika namba ya 12,367, na ukiwa na subira ya kutosha itavuka namba yoyote utakayoitaja. Uthibitisho wake ulitolewa na Nicole Oresme, mwanazuoni wa Ufaransa, katika karne ya 14, na hauhitaji kompyuta: theluthi na robo pamoja zinazidi nusu, namba nne zinazofuata, kuanzia moja ya tano hadi moja ya nane, nazo pamoja zinazidi nusu, nane zinazofuata hizo vilevile, kwa hiyo unajumlisha nusu baada ya nusu bila mwisho. Uthibitisho huo unaingia katika mistari minne ya ubao. Tuliukuta siku mbili kabla ya mtihani, katika daftari la zamani la mwanafunzi aliyesoma kozi hiyo kwa mihadhara.

Hatulalamikii kukosea. Hisabati yenyewe imejengwa na watu waliokosea kwa akili. Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa walioiwekea kalkulasi misingi, aliandika mwaka 1821 kwamba mfululizo wa vitendakazi visivyokatika (ambavyo grafu zake huchorwa bila kuruka), ukiwa na jumla, basi jumla hiyo nayo haikatiki. Mwaka 1826 mwanahisabati wa Norwei, Niels Henrik Abel, akaonyesha mfululizo unaoikataa kauli hiyo. Cauchy alikosea, lakini alikuwa na Abel. Sisi tulikosea tukapewa 8 kati ya 10.

Hapa tunagusa jambo ambalo kwa maoni yetu limesahauliwa tangu mfumo huu ulipochukuliwa kutoka kwa wenyewe. Mlipotutambulisha kwenye kozi mlitueleza kwamba ujifunzaji wa aina hii ulianza katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, na kwamba Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kiliujengea utaratibu wa hatua saba. Tumezisoma hatua hizo. Kundi linafafanua maneno yasiyoeleweka, linaweka wazi tatizo ni nini hasa, linatoa mawazo kwa uhuru, linayapanga mawazo hayo, linaamua ni mambo gani linahitaji kujifunza, kila mmoja anakwenda kusoma peke yake, kisha, katika hatua ya saba, wote wanarudi mezani mbele ya mkufunzi kuleta walichopata na kukipima. Kwetu hatua sita zipo. Ya saba imegeuzwa kuwa faili la kurasa kumi linalopandishwa kwenye mtandao wa chuo kabla ya saa sita usiku. Hakuna anayerudi mezani. Tunarudi kwenye tatizo linalofuata.

Na hata hatua hizo zingetimia zote saba, tungeomba mkumbuke kwamba hisabati si udaktari. Mwanafunzi wa udaktari anayepewa kisa cha mgonjwa mwenye homa anaweza kwenda maktaba akasoma kuhusu ini bila kuwa amemaliza kusoma kuhusu moyo. Anakuja na mwili wake mwenyewe, anao uzoefu wa kuumwa, ana pa kuanzia. Hisabati imepangwa kama ngazi: asiyekanyaga kidato cha tatu hafiki cha nne, na kitabu kinachoeleza cha nne hakitamwambia kwamba alichokosa ni cha tatu. Tena kusoma nadharia ya hisabati kitabuni si sawa na kuijua, kama vile kumtazama mtu akiogelea si sawa na kuogelea. Ndiyo maana kundi la watu sita wanaoanza linaweza kuzunguka wiki mbili pembeni ya dhana moja bila kuiona, tena kwa bidii.

Kuna dhana ambazo, kwa maoni yetu, hazifai kabisa kuachiwa kundi lizigundue. Newton na Leibniz waliitumia kalkulasi katika karne ya 17, na watu wakajenga juu yake madaraja na mizinga, lakini maelezo kamili ya kikomo, yale yanayoanza na epsiloni na delta (herufi za Kigiriki zinazosimama badala ya umbali mdogo mno), hayakupata sura tunayoisoma leo hadi karne ya 19, kwa kazi ya kina Cauchy na Weierstrass. Vichwa bora vya Ulaya vilihitaji zaidi ya miaka mia moja. Tatizo la sita la kozi lilitupa siku kumi na nne. (Mwenzetu mmoja alipiga hesabu akasema tukipewa muda uleule tutahitimu tukiwa na wajukuu.) Dhana ya namna hiyo inahitaji mwalimu asimame aieleze, kisha tatizo lije baada yake, tuitumie na kuikunja hadi tuone kwa nini imesukwa hivyo. Si dhambi kwa mwalimu kueleza jambo katika mfumo huu, ingawa kuna wakufunzi wanaofanya kana kwamba ni dhambi. Mmoja wao kila ukimwuliza swali hukurudishia swali, na ukimjibu hukuuliza kwa nini umejibu hivyo; tunajua ana nia njema, lakini saa nne za usiku nia njema hailifungui fundo.

Tunajua pia kwamba mnalo jibu tayari, kwa sababu tumeshalisikia: wanafunzi siku zote huona wanajifunza kidogo pale wanapojifunza kwa taabu. Tumeutafuta utafiti unaonukuliwa, tukausoma. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kozi ya fizikia, ambamo wanafunzi waliofundishwa kwa kushughulishwa waliona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, na kumbe kwenye jaribio lilelile walifanya vizuri zaidi. Tunaukubali. Baadhi yetu tuliposoma tulijiona humo, hasa sisi tuliokuwa hodari wa kukariri na tukaingia chuoni tukidhani ndiyo hisabati. Mwandishi wa barua hii alilia mwaka wa kwanza, na akilia alikuwa akisema mfumo ni mbaya, kumbe kilichokuwa kibaya ni kuzoea kuwa wa kwanza. Lakini uangalieni utafiti huo vizuri: wanafunzi wale, baada ya kuhangaika na maswali katika makundi, walionyeshwa suluhisho na mwalimu, na walipimwa juu ya kile walichohangaikia. Mambo hayo mawili ndiyo tunayoyadai. Hauwezi kutumiwa kutunyamazisha sisi tunaoomba yaleyale yaliyoufanya ufaulu.

Vivyo hivyo uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumuisha tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati, ulionyesha kwamba wanaoshindwa kozi ni takriban asilimia 34 pale panapotumika mhadhara mtupu, na takriban asilimia 22 pale wanafunzi wanaposhughulishwa. Ni tofauti kubwa, na ndiyo sababu mojawapo hatutaki mihadhara mitupu irudi. Ila kushughulishwa ni neno pana. Linaanzia kwenye swali la dakika tano katikati ya mhadhara na kufika hadi tatizo la wiki mbili. Takwimu hiyo haisemi kwamba kadiri mwalimu anavyozidi kunyamaza ndivyo mwanafunzi anavyozidi kuelewa. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitoa hoja iliyozua mjadala mkubwa, kwamba anayeanza somo akiachwa bila mwongozo huelemewa: nguvu zote za akili zinaishia katika kutafuta njia, hazibaki za kujifunza. Waliowajibu mwaka uliofuata hawakusema mwongozo hauna maana. Walisema ujifunzaji wa matatizo unaofanywa ipasavyo una mwongozo mwingi ndani yake. Pande hizo mbili, kwa kadiri tulivyoelewa, zinakubaliana juu ya kitu ambacho sisi hatunacho.

Turudi kwenye mtihani, maana ndiko uzito ulipo. Baada ya wiki kumi na nne za matatizo, mabishano, majedwali na ripoti, tuliingia ukumbini tukakuta karatasi ya saa tatu yenye maswali ambayo, kwa ushahidi wa karatasi za nyuma zilizopo maktaba, yamekuwa yakizunguka tangu kabla ya mfumo mpya: taja nadharia hii, ithibitishe, tumia kigezo cha uwiano kuonyesha kwamba mifululizo ifuatayo ina jumla. Hayakuwa maswali mabaya. Lakini kila kitu tulichokuwa tumefunzwa kukithamini, yaani kukisia, kujaribu mfano mdogo, kugundua kwamba tumekosea na kueleza kwa nini, hakikuwa na alama hata moja humo. Waliofanya vizuri zaidi, na wenyewe wanakiri, ni wale walioanza mapema kuyapuuza matatizo: walihudhuria kundi ili majina yao yaandikwe, kisha wakajifungia na karatasi za nyuma. Mwenzetu yule aliyevuta karatasi akatuokoa kwenye dawa alipata C.

Jambo hilo linakwenda mbali kuliko alama. Mwanafunzi akishajua kwamba tatizo la kundi halimsaidii kwenye mtihani, anakuwa msindikizaji, na kundi la watu sita lenye wasindikizaji watatu ni kundi la watu watatu wanaobeba mizigo ya sita. Mnatutuhumu kwa kutegeana, na ni kweli tunategeana; ila chanzo hakiko kwenye tabia zetu peke yake. Mmeweka alama 30 kwa kazi ya wiki kumi na nne, tena alama moja kwa kundi zima, na 70 kwa saa tatu za mtu mmoja. Mtu mvivu na mtu mwenye hesabu nzuri watafanya uamuzi uleule.

Hata hivyo maoni yetu hayafanani, na hatungependa barua hii isomeke kana kwamba tuna mdomo mmoja. Wenzetu wanaokwenda kuwa walimu wanasema mfumo huu ndio umewafundisha kusikiliza makosa ya mtu mwingine, na hawataki uguswe. Wanaopenda uthibitisho kwa ajili ya uthibitisho wanalalamika kwamba kila tatizo limevalishwa nguo za dawa, mabenki au foleni, na kwamba swali kuhusu namba tasa halihitaji kisingizio. Nasi tunaona wana haki, kwa kuwa tatizo halisi la hisabati si lazima litoke mtaani. Kuna anayesema kwamba kwenye mihadhara alikuwa anaelewa kila kitu hadi afike chumbani kwake. Na wapo wasiosema haraka, ambao katika kundi hupitwa na mwenye sauti, hata kama jibu wanalo. Kwa hao, saa moja ya mwalimu anayejua kuuliza "nani hajasema?" ina thamani kuliko kanuni zote za makundi zilizobandikwa ukutani.

Tunaomba nini, basi? Kwanza kabisa, mtihani ubadilike muhula huu. Hatuombi uwe rahisi. Tunaomba nusu ya karatasi iwe tatizo ambalo hatujaliona, lenye alama za njia: alama kwa kisio lililotolewa sababu, alama kwa mfano unaolivunja kisio hilo, alama kwa anayeonyesha mahali alipokwama na kwa nini hapo ndipo pagumu. Nusu nyingine ibaki ya nadharia na uthibitisho, kwa sababu mwanahisabati asiyekumbuka chochote naye ni hasara. Tunajua usahihishaji wa namna hiyo ni mgumu zaidi, na hatutajifanya haupo. Lakini ugumu wa kusahihisha hauwezi kuwa sababu ya kupima kitu tofauti na mlichofundisha.

Badala ya alama moja ya kundi, kila mwanafunzi aitwe kwa dakika kumi atetee ripoti yenye jina lake. Mtatuambia muda hautoshi, hivyo tumekokotoa: tuko 120, dakika kumi kwa kila mmoja ni dakika 1,200, yaani saa 20, wakigawana wakufunzi wanne, kila mmoja ana saa tano kwa muhula. Msindikizaji hawezi kupita hapo, na asiyesema haraka atapata mahali pa kusema.

Na hatua ya saba irudi. Kila tatizo likiisha, kuwe na saa moja ya mwalimu ubaoni, ripoti zikiwa zimeshapitiwa, aonyeshe makundi yalifika wapi, yapi yaliyoandikwa ni ya kweli na yapi si ya kweli, na nadharia yenyewe inasemaje kwa maneno yake kamili. Iwe ndani ya wiki hiyohiyo, kabla uongo haujakomaa vichwani. Mkiona hakuna nafasi kwenye ratiba, tuko tayari kupunguziwa matatizo kutoka saba hadi matano. Matano yaliyofungwa yatatufaa kuliko saba yaliyoachwa wazi.

Kuhusu wakufunzi, tunasema kwa ufupi kwa sababu wao hawako hapa kujitetea: wengi ni wanafunzi wa uzamili waliopewa makundi bila kuandaliwa, na aliyetuambia tunafanya vizuri siku ile hakuwa mzembe, alikuwa na makundi mengine manne ya kuzungukia. Wapeni muda wa kulitatua tatizo wao kwanza, pamoja, kabla halijafika kwetu.

Mtihani wa muhula huu uko wiki tisa mbele. Tunaomba kikao nanyi kabla karatasi haijapelekwa kuchapwa, siku na saa mtakayoona inafaa, hata kama ni jioni. Tutakuja wawakilishi sita, mmoja kutoka kila kundi la mjadala ulioandaa barua hii, na tutakuja na ile ripoti ya dawa yenye alama 8, pamoja na mstari wake wa uongo, ili mtusahihishie.

Wenu katika taaluma,

Wanafunzi wa mwaka wa pili,
Shahada ya Hisabati.